Nilijipaka dawa ya kuogeshea ng'ombe kutibu magamba ya ngozi, baba mkwe akaniweka karantini

Wakuu, salaam kwenu nyote mliomo humu.

Mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu juzi nimeona mtu kaweka picha ya kiwiko chake kwenye jukwaa la afya, na wa kwanza kumjibu akamshauri apake maji ya betri. Wa pili akasema maji ya betri ni makali, atumie mafuta ya breki.

Roho imeniuma. Nimepita huko.

Haya yamenitokea mwenyewe. Nimebadilisha majina tu. Sehemu ninazoonekana mjinga nimeziacha zilivyo, na mtaona ni nyingi.

Mimi ni afisa mifugo, huku wanatuita bwana mifugo. Kwetu ni Lushoto, kwenye ukungu na baridi, ila ajira ikanileta Simiyu, kata moja nje ya mji wa Bariadi. Jua kali, vumbi, upepo mkavu. Nilipofika, ngozi yangu ilikuwa nyororo kabisa.

Mwaka wa pili likatokea baka kwenye kiwiko cha kulia. Dogo tu, kama sarafu. Gumu kidogo, na juu yake magamba meupe yanayong'aa kama karatasi ya sigara.

Nikapuuza.

Likaja la kiwiko cha kushoto. Yakaja ya magotini. Halafu kichwani, nyuma ya masikio, nikaanza kupukutika. Nikiamka asubuhi, shuka ina unga. Nikivua kofia mbele ya wafugaji, mabegani kumeanguka theluji, na Bariadi haijawahi kuona theluji.

Nikajiambia ni fangasi. Nikaenda duka la dawa, kijana akaniuzia krimu ya mchanganyiko, ile inayotibu kila kitu kwa pamoja. Wiki ya kwanza mabaka yakalala, nikashangilia. Nilipoacha, yakarudi makubwa kuliko mwanzo na yamekuja na ndugu zao.

Kijana akasema sasa tupige sindano. Namshukuru Mungu siku ile niliogopa sindano kuliko magamba. Huko mbele nitawaambia kwa nini.

Hapo ndipo washauri walipoanza kuingia.

Wa kwanza alikuwa mtendaji wa kata, rafiki yangu sana, mtu wa kujiamini hata kwenye mambo asiyoyajua. Akaniuliza, "Wewe si unakula sato kila siku?"

Nikasema ndiyo, kila nikipita Lamadi lazima nibebe sato.

Akafungua mikono kama mtu aliyemaliza kesi. "Sasa unashangaa nini ukiota magamba?"

Wakuu, mimi nina diploma. Nimesoma anatomia ya wanyama. Lakini mtu ukishakata tamaa akili inakaa pembeni. Niliacha samaki miezi mitatu. Nikipita Lamadi nilikuwa nafumba pumzi, nikiogopa hata harufu itaniongezea baka. Mabaka hayakupungua hata moja. Nilichopunguza ni uzito.

Mtendaji akanishauri tena, oili chafu ya pikipiki. Nikapaka wiki nzima. Nilikuwa nalala kama gia boksi, na shuka zile hadi leo ni za kufutia mikono gereji.

(Naona kuna mkuu ameshauliza hapo chini kwa nini sikwenda hospitali moja kwa moja. Mkuu, aibu. Mimi ni mtu wa kuwaambia wengine nini kinaua mifugo yao. Niende nikapange foleni na viwiko vyangu, wafugaji wote wananiona? Nilijiona nitamaliza mwenyewe.)

Sasa nifike penyewe.

Siku hiyo nilikwenda josho moja maeneo ya Shishiyu kumsaidia mwenzangu kazi ya kuogesha. Kwa wasiojua, josho ni lile shimo refu lenye maji ya dawa, ng'ombe anaruka upande huu, anaogelea, anatokea upande wa pili bila kupe.

Nikawa nimesimama pale naangalia ng'ombe wanavyotoka. Ngozi zinameremeta. Ng'ombe mia wanapita mbele yangu, hakuna hata mmoja mwenye baka.

Wivu ukanishika. Nawaambieni ukweli, niliwaonea wivu ng'ombe.

Nikachukua kwenye kikopo dawa ya kuongezea joshoni, ambayo ilikuwa bado haijachanganywa vizuri na maji. Nikaingia nyuma ya ukuta wa josho, nikakunja suruali, nikavua shati. Nikapaka viwiko, magoti, kiuno, kisha nikamalizia kichwani kama mtu anayepaka shampuu.

Iliwaka kama pilipili kwenye kidonda. Nikajisemea, hiyo ndiyo dalili inafanya kazi.

Baada ya muda nikaanza kusikia usingizi mzito. Sio usingizi wa kuchoka. Usingizi wa kuvutwa na mtu. Mate yananijaa, macho mazito, moyo unapiga polepole kana kwamba unafikiria kwanza. Nikatapika, nikakaa chini, nikalala palepale kwenye mavi ya ng'ombe.

Wananchi wakanibeba kwenye mkokoteni wakanikimbiza zahanati. Mkokoteni ulivutwa na maksai wawili niliowaogesha asubuhi ileile kwa dawa ileile. Wao walikuwa wazima kabisa.

Tabibu wa zahanati, kijana mpole, akanitundikia dripu na kuanza kujaza cheti.

"Umekunywa nini?"

"Sijanywa. Nimejipaka."

"Umejipaka nini?"

"Dawa ya kupe."

"Una kupe?"

"Sina."

"Una ng'ombe?"

"Sina."

Akaandika kitu, akakikata, akaandika tena. Mpaka leo sijui aliandika nini kwenye sehemu ya sababu ya kuugua.

Wakaniosha mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, wakanilaza hadi kesho yake. Tabibu akaniambia ngozi yenye vidonda inanyonya sumu haraka kuliko ngozi nzima, na kwamba ningepaka zaidi kidogo tusingekuwa tunaongea. Msicheke sana, wakuu. Nilikuwa karibu kufa kwa sababu ya kiwiko.

Mabaka yakabaki palepale. Sasa yamebabuka juu yake.

Hapa inabidi nimtambulishe Minza. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ngulyati, na ndiye aliyekuwa mchumba wangu wakati huo. Posa ilikuwa imepangwa wiki mbili baada ya tukio. Alinipigia simu, hakusalimia.

"Nimesikia umeogeshwa."

Nikaanza kujieleza.

"Na baba amesikia."

Siku ya posa nikavaa suti nyeusi. Kosa lingine. Kufika Ngulyati na pikipiki ya mtendaji, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, mabega yangu yalikuwa kama ya mtu aliyetoka mashine ya kusaga.

Tukasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Mzee Nkwabi, baba yake Minza, akaitikia vizuri tu. Mzee mrefu, mtaratibu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Wazee wenzake wamekaa kwenye viti, mtendaji akakohoa aanze hotuba aliyoiandaa siku tatu.

Mzee Nkwabi akainua mkono. "Kwanza nimuone."

Mtendaji akasema, "Si huyu hapa, baba."

"Nimuone vizuri. Avue koti."

Wakuu, nilivua koti. Nikavua na shati. Mzee akanizunguka taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Akanyanyua mkono wangu akaangalia kwapa. Akavuta ngozi ya shingo akaiachia aone inarudi haraka au polepole. Akaniwekea kiganja mgongoni akageukia wenzake.

"Homa hana."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Akaketi. Akaniuliza, "Bwana mifugo, mwaka jana ng'ombe wangu walipotoka mapele ya ngozi, uliniambiaje?"

Nikakumbuka. Ulikuwepo ugonjwa wa mapele ngozi kwenye mifugo, na mimi mwenyewe ndiye niliyefika bomani kwake na karatasi. Alikuwa na dume lake la kupeleka mnadani, nikamzuia. Alinisihi sana, nikakataa.

"Nilisema karantini, baba."

"Ulisema, hakuna kutoka, hakuna kuingia, hakuna kuchanganyika, mpaka kibali. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Nilitii?"

"Ulitii, baba."

"Basi na wewe utii. Binti yangu hachanganyiki na wewe mpaka uniletee kibali cha daktari kwamba hauambukizi. Posa naipokea, siikatai. Iko karantini."

Mtendaji akajaribu kuchomekea, akaanza kueleza habari za sato. Mzee akamwangalia tu. Mtendaji akaishia hapo.

Nikavaa shati langu mbele ya watu kumi na kitu, vifungo havishiki. Minza alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alikuwa analia, na hicho ndicho kilichonivunja. Nilijua kabisa kwamba nikishindwa kupata karatasi ile, nimempoteza.

Nikasema nitaleta kibali.

Mzee akasema, "Hapana. Karatasi hata wewe unajua kuandika. Tutakwenda pamoja."

Ndiyo hivyo. Mimi na baba mkwe mtarajiwa tukaenda hospitali Bariadi mjini, siku ambayo daktari wa ngozi huwa anakuja. Mzee alikaa benchi moja na mimi ila kwa umbali wa watu wawili. Mtu akija kukaa katikati anamzuia. "Hapo pasikaliwe."

Daktari alikuwa mama wa makamo. Mzee akaomba aingie kama shahidi. Daktari akaniuliza kama nimekubali, nikakubali, ningefanyaje.

Hakuanza na kiwiko. Alianza na kucha. Akanionyesha vishimo vidogo vidogo kwenye kucha zangu, kama mtu amedungadunga kwa sindano. Miezi yote ile sikuwahi kuviona. Akaangalia kitovu, mgongoni chini karibu na kiuno, kichwani. Akakwangua gamba moja polepole, likatoka kama nta ya mshumaa, na chini yake vikatokea vitone vidogo vya damu.

Akauliza kama viungo vinauma au kukakamaa asubuhi. Nikasema hapana. Akasema siku vikianza nirudi haraka, nisisubiri. Akaagiza na vipimo vya damu.

Kisha akasema jina. Psoriasis. Linatamkwa soraiasis.

Akaeleza kwa lugha ambayo hata Mzee Nkwabi alielewa. Kinga ya mwili inachanganyikiwa, inaiharakisha ngozi. Ngozi ambayo ingechukua karibu mwezi kujibadilisha inabadilika kwa siku chache, ya zamani haijaondoka mpya imeshafika, ndiyo hayo magamba. Sio uchafu. Sio samaki. Sio kulogwa. Sio fangasi.

"Inaambukiza?" Mzee akauliza.

"Haiambukizi. Si kwa kushikana, si kwa kulala kitanda kimoja, si kwa kula sahani moja."

"Mbona kwenye picha za simu ni nyekundu?" nikauliza mimi.

Akasema picha nyingi ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu baka linaweza kuwa la zambarau, la kijivu au kahawia iliyoiva, ndiyo maana wengi tunapotea na kupaka dawa za fangasi miaka na miaka.

Halafu akauliza, "Kwenu kuna mtu mwenye hali kama hii?"

Nikaanza kusema hakuna. Halafu nikakumbuka.

Nilikuwa na mjomba kule Lushoto. Alivaa mikono mirefu maisha yake yote. Alikuwa na kikombe chake, sahani yake, na kigoda chake nje. Sisi watoto tuliambiwa tusiguse kikombe kile. Hakuoa. Watu walisema alikanyaga kitu kibaya. Alikula peke yake mpaka alipofariki.

Nikamweleza daktari hayo yote, na nikajikuta nalia, mtu mzima, mbele ya baba mkwe. Kikombe kile nilikipita mara ngapi nikijibana ukutani.

Daktari akaniacha nimalize. Mzee Nkwabi akatazama chini, na akawa anajikuna mkono.

Anajikuna, anajikuna.

Daktari akamwona. "Mzee, hebu nione mkono."

"Huu si kitu. Ni mbu."

"Nione."

Akakunja shati. Kwenye mkono kulikuwa na duara kamili kama limechorwa kwa kizibo cha chupa. Ukingo umeinuka na una magamba, katikati pako safi. Na pembeni duara jingine.

"Hiki ni choa," daktari akasema. "Hii ndiyo fangasi. Na hii ndiyo inayoambukiza. Nyumbani una ndama wenye mabaka ya kijivu usoni, yamekauka kama simenti?"

"Wapo watatu," Mzee akasema kwa sauti ndogo.

Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye bwana mifugo wao?"

Wakuu, nilitamani dripu ya Shishiyu.

Mzee Nkwabi akashusha mkono wa shati. Akasema, "Kwa hiyo wa kutengwa ni mimi."

Daktari akamweleza hakuna haja ya kujitenga. Apake krimu ya fangasi asubuhi na jioni, aendelee hata baada ya duara kupotea, asichangie taulo na nguo, na ndama watibiwe. Na asiguse kabisa zile krimu za mchanganyiko kama niliyonunua mimi, maana zinailaza fangasi juu huku inatambaa chini.

Mimi nikapewa dawa ya kulainisha magamba, ya kupaka kwa vipimo na kwa muda maalum, shampuu ya lami ya kichwani, na mafuta ya mgando ya kupaka kila ninapotoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Na ile sindano ya kijana wa duka, daktari akasema nyingi huwa ni steroidi. Unapona vizuri, ukiacha ghafla ugonjwa unaweza kulipuka mwili mzima.

Nikauliza, "Itaisha?"

"Itatulia. Itarudi. Utaituliza tena."

Sikuipenda sentensi ile, ila ni ya kweli kuliko yote niliyowahi kuambiwa.

Tulipotoka nje nikadhani mambo yameisha. Mzee akakataa kupanda pikipiki na mimi. Akasema, "Ningekunywa na wewe maziwa kibuyu kimoja leo, mkwe, lakini mimi ndiye mwenye choa."

Hapo ndipo aliponiita mkwe kwa mara ya kwanza.

Akarudi Ngulyati peke yake, akachukua kigoda na mkeka, akahamia kwenye banda la ndama. Nilimfuata nikamsihi. Nikamwambia daktari amesema haina haja.

"Wewe ulisema hakuna kuchanganyika. Sheria ni ya ng'ombe na mimi siimo?"

"Baba, wewe si ng'ombe."

"Na wewe ulikuwa ng'ombe siku ile nilipokupima? Ulitii."

Alikaa banda lile wiki tatu. Chakula anawekewa getini. Mama Minza alikuwa anacheka mpaka anakaa chini, anasema kwa miaka yote ya ndoa hajawahi kulala kwa nafasi kama hiyo. Mimi kila jioni nakwenda kupaka ndama dawa, naye anajipaka ya kwake, tunaongea mambo ya malisho na pamba. Naweza kusema tulifahamiana kwenye banda lile kuliko ambavyo ningemfahamu kwa vikao kumi.

Duara lilipopotea na dozi ikaisha, akagoma kutoka bila kibali. Nikamwandikia kwenye karatasi ya daftari. Akauliza muhuri uko wapi. Minza akachukua kalamu ya bluu, akachora mviringo, akaandika ndani, "Baba ruksa." Akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni, akatoka.

Tulioana baada ya mavuno.

Ngozi yangu? Ilichukua kama miezi miwili mabaka kuwa membamba. Kichwa kilitulia. Kiwiko cha kulia hakijawahi kupona moja kwa moja, na nikipata stress za kazi au tonsesi zikinishika najua kabisa kitakachofuata. Sasa hivi ninapoandika nina kabaka kadogo gotini. Nimekapaka, nakula sato, maisha yanaendelea.

Nilichojifunza nitakisema kwa kifupi maana uzi umeshakuwa mrefu. Magamba sio ugonjwa mmoja. Ya kwangu yalikuwa mazito, yenye mng'ao, viwikoni na magotini, pande zote mbili. Choa kina duara na katikati safi. Mke wangu ana mwanafunzi mwenye ukurutu, huo unawasha balaa na unakaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kuna na ule mba wenye mafuta kwenye nyusi na kando ya pua. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya huu inaweza kuharibu ule. Macho ya mtu wa jukwaani hayatoshi, hata yangu. Nenda uonwe. Na kama kwenu kuna mtu anakula peke yake kwa ajili ya ngozi, mpelekeni naye.

Tatizo langu la sasa ni Mzee Nkwabi. Amekuwa balozi. Kila akiona mtu anajikuna anamleta kwangu, nimemwambia mara mia mimi ni wa mifugo, haelewi. Jumamosi iliyopita amenitumia jirani yake na mbuzi, wote wawili wana magamba, na kikaratasi kimeandikwa, "Mkwe, mwangalie huyu."

Hakuandika yupi.

Nimewaangalia wote. Mbuzi nimemtibu, jirani nimempeleka hospitali.

Haya wakuu, wenye viwiko kama vyangu jitokezeni, semeni mlipaka nini. Msione aibu, hamtanifikia. Wabeja sana, ndiyo asante ya huku.